Kishikwambi cha Tabitha

Jumatatu, 3 Februari

Karoti tena. Kijitoni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tunazimwaga, tunazisugua kwa gunia, tunazigeuza, tunazisugua. Miguu siisikii mpaka saa tano. Wenzangu wanalalamika kwa sauti. Mimi nalalamika kimoyomoyo, nina jina la kulinda. Kuanzia hapa hadi Shume hakuna anayeosha haraka kama mimi, na asiyeamini aje na gunia lake.

Dalali Hamza anajua nani ni nani. Simu yake kubwa ananiachia mimi. Naipandisha kilimani kwenye miti ya misindano, ndiko mtandao una nguvu, natuma picha za karoti kwa wateja wake wa Dar, nashuka. Wenzangu wananiita karani. Waite tu.

Daftari hili ni langu la kidato cha pili. Nilipoacha shule hisabati ilikuwa imefika ukurasa wa sita. Nyuma yake ni kurasa safi tupu, nitazitupa za nini? Mwalimu alisema sitafika mbali. Nimefika kijitoni.

Mdogo wangu Tabitha kutwa ni vishikwambi. Serikali itatoa kishikwambi na bando la kila mwezi kwa mwanafunzi wa sekondari ambaye kwao hakuna simu ya intaneti. Asome nyumbani, masomo yote yamo humo. Atapita mtu nyumba kwa nyumba kuandika. Yeye yuko kidato cha tatu. Kitabu cha Baiolojia wanakigombania watu sita, zamu yake ni Alhamisi.

Nimechoka. Mgongo kama si wangu.

Jumatano, 5 Februari

Leo kapita yule mwandikaji. Dada mmoja kutoka Lushoto mjini, buti za mvua, mkoba kifuani. Mama alikuwa sokoni na kabichi, Tabitha shuleni. Nilikuwa peke yangu, nimetoka kutuma picha, simu ya Hamza bado mfukoni.

Kaangalia ukuta wa udongo. Kaangalia mlango unaofungwa kwa kamba. Halafu kaniangalia mimi kwa yale macho ya pole. Yale macho siyataki. Na huku kwetu mgeni hasimuliwi shida. Mama mwenyewe sufuria ikiwa tupu humwambia mgeni sasa hivi tu tumetoka kula.

Kauliza mkuu wa kaya yuko wapi. Nikasema unaongea naye.

Kauliza kama kuna kifaa chenye intaneti. Nikaitoa simu mfukoni taratibu, kama mtu mwenye zingine ndani.

Kauliza mtandao unapatikana. Nikasema, "Dada, hapa mtandao unaingia hadi jikoni."

Kaandika. Kaandika sana. Kashukuru, kaenda. Nilijisikia vizuri kama robo saa hivi.

Baadaye nimekumbuka alikuja kwa ajili gani.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mchungaji katangaza kuhusu vishikwambi, wazazi wawe na subira. Tabitha kanigusa kiwiko akicheka. Mimi nimeangalia kitabu cha nyimbo. Nimekishika juu chini.

Labda yule dada hakuandika yote. Watu wa ofisini wanasahau.

Ijumaa, 21 Februari

Hakusahau.

Orodha imebandikwa ofisi ya kata. Nimepita nikitoka kijitoni, matope hadi magotini. Waliopata upande wa kushoto, waliokosa upande wa kulia na sababu zao. Jina la Tabitha kulia. Sababu: kaya ina kifaa na intaneti.

Wanafunzi walikuwa wamejazana. Hilda wa Mzee Paulo, anayesoma darasa moja na Tabitha, kapata. Alikuwa anarukaruka, alipomwona Tabitha kaacha. Tabitha kasoma mara moja tu. Hakulia. Kageuka, kachukua njia ya nyumbani, mimi nyuma yake na mdomo wangu mkubwa umefungwa.

Rufaa mwisho Ijumaa ijayo. Imeandikwa chini kwa herufi ndogo.

Jumamosi, 22 Februari

Mama kauliza nani alikuwepo siku ile. Nikasema mimi. Aliuliza nini? Nikasema hakuuliza kitu, alisimama uani, akaangalia bati, akaandika zake akaondoka.

Uongo umetoka laini. Najichukia kidogo. Si sana, maana nimechoka.

Mama kaamini. Kasema watu wa mjini wakiona bati wanadhani ndani kuna makochi.

Tabitha kaniangalia muda mrefu. Halafu kaenda kukata majani ya ng'ombe.

Jumatatu, 24 Februari

Mama kavaa kitenge chake cha kanisani kaenda kata. Nimesikia habari kijitoni kabla hajarudi. Eti kamwambia mtendaji kwamba mwandikaji ni mvivu, haulizi watu, anahukumu kwa bati. Na wanawake wengine wawili nao wamedakia, wao pia walikosa, ingawa mmoja wao ana duka.

Wenzangu wamecheka. "Mama yako moto, karani." Nimecheka pia.

Sasa yule dada amesimamishwa asipite kata yetu mpaka ajieleze. Dada wa watu. Aliuliza kila swali, tena kwa adabu. Mimi ndiye niliyemjibu kama waziri.

Jumanne, 25 Februari

Leo Tabitha hajanisalimia. Kila siku huwa ni shikamoo kaka, hata tukiwa tumegombana, hata akiwa na mswaki mdomoni. Leo kapita kama mimi ni nguzo.

Anajua. Sijui kajuaje. Labda kwa sababu ananijua.

Hamza kanipa simu nikatume picha. Nimemwambia mguu unauma, ampe mwingine.

Jumatano, 26 Februari

Mtendaji kamtumia Mama ujumbe kupitia mwenyekiti wa kitongoji. Rufaa inasikilizwa kesho. Ila aje na yule aliyejibu maswali, aandike maelezo kwa mkono wake. Bila hayo, rufaa haipokelewi.

Mama kaniambia tutakwenda wote, nikaeleze nilivyomwona yule mvivu akiangalia bati.

Sijala.

Alhamisi, 27 Februari

Niandike haraka nisije nikajipamba.

Tumekaa kwenye benchi ofisi ya kata. Mtendaji nyuma ya meza, karatasi yenye majibu yetu mbele yake. Na yule dada pembeni, buti zake zilezile, macho chini. Sikujua kama ataitwa. Mama kaanza. Mama akianza hasimami. Uvivu, bati, dharau, mtoto wa mjane, Mungu anaona. Yule dada alikuwa anakunja na kukunjua mshipi wa mkoba wake.

Nikasimama. Sikupanga. Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyemdanganya."

Mama kaniangalia kama nimeongea Kichina.

Nikasema simu ilikuwa ya Hamza. Nikasema nilijifanya mkuu wa kaya. Mtendaji kauliza kwa nini. Nikasema niliona aibu ya mlango.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Kanipa karatasi na kalamu. Nikaandika: simu si yetu, mkuu wa kaya ni Mama. Nikafika kwenye mtandao. Mtendaji kainama, kasema kwa sauti ya chini, "Kijana, hapo angalia. Bando linatolewa kwa nyumba yenye mtandao tu. Ukiandika haufiki, mmekosa kifaa na bando."

Yaani uongo mmoja umetukosesha, na mwingine ndio utatupatia. Nilikaa na kalamu hewani. Ningeweza kuacha tu, jikoni iendelee kuwa na mtandao. Lakini yule dada alikuwa ananiangalia, na angerudishwa kuja kupima, halafu aonekane yeye ndiye mwongo mara ya pili.

Nikaandika: ndani haufiki. Unafika juu ya zizi, kwenye ngazi ya juu ya shamba, ukisimama karibu na mgomba wa tatu. Huo ni ukweli. Nimewahi kuutafuta na simu ya Hamza, nikaupata hapo, mistari miwili.

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mtendaji mwenyewe kasema.

Tulipofika mlangoni Mama kasema, "Nimemtukana mtoto wa mwenzangu kwa ajili yako." Kaingia ndani.

Ijumaa, 28 Februari

Mama kaamka, kachukua mayai yote ya wiki, kaenda kwa miguu hadi kwenye nyumba aliyopanga yule dada. Kamwomba radhi. Mimi hakunituma wala hakunichukua.

Tabitha kasema, "Shikamoo." Bila kaka. Nikaitikia.

Jumanne, 4 Machi

Yule dada kaja kupima. Mara ya kwanza nilimwambia mambo, kama tumelingana. Leo nimesema shikamoo dada, kofia mkononi. Kaitika, "Marahaba, mkuu wa kaya." Mama kacheka hadi kashika ukuta. Sawa. Nimestahili.

Kapima sebuleni, hakuna kitu. Kapima jikoni kwangu kule kwenye mtandao, hakuna kitu, kaniangalia, nikaangalia mafiga. Kapanda hadi juu ya zizi. Kwenye mgomba wa tatu, mistari miwili. Kasogea hatua nne, mitatu.

Kasema eneo ni la kaya, hilo linakubalika. Ila fomu inataka mahali pa kusomea penye paa. Mwanafunzi hawezi kuandikwa anasomea mgombani.

Nikasema, "Paa lipo. Linajengwa wiki hii."

Mama kageuka. Tabitha kageuka. Hata ng'ombe nadhani kageuka. Mdomo wangu ulikuwa umeshasema, nikabaki mimi wa kuutumikia.

Dada kasema atarudi Jumatatu na kamera.

Jumatano, 5 Machi

Karoti asubuhi. Mchana kwa miguu hadi kwenye mashine ya kupasua mbao, njia ya Shume. Msimamizi kaniruhusu niokote mabanzi, yale maganda ya nje ya gogo yanayotupwa. Nimebeba kichwani safari mbili. Mlima wetu si wa mtu aliyesimama kijitoni asubuhi nzima. Nimepumzika mara nane. Nikiwaambia watu nitasema mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nguzo nne zimesimama. Moja imeinama. Nimesema ndivyo ilivyokusudiwa.

Mvua imenyesha tangu saa nane. Nimepigilia misumari ya zamani niliyoinyoosha kwa jiwe, kidole gumba kimevimba kama karoti fupi. Tabitha kaja kushika mabanzi upande wa pili. Alikuwa anashika kwa nguvu kuliko wenzangu wote wa kijitoni.

Kauliza kitu kimoja tu. Kwa nini sikusema siku ileile jioni, kabla orodha haijatoka? Bado ilikuwa inawezekana kurekebishwa.

Nikasema sijui. Na kweli sijui. Nilidhani itajifuta.

Jumatatu, 10 Machi

Kibanda kimekamilika saa moja kabla hajafika. Paa ni la nailoni ya shamba na mabati mawili ya banda la kuku. Kuku wamehamia jikoni. Meza ni banzi moja pana. Hatua nne kutoka kwenye mgomba, pale penye mistari mitatu.

Dada kapiga picha. Kaingia, kakaa, katikisa meza. Kasema imara. Sikusema kitu. Nilitaka sana kusema kitu.

Kaandika upya mbele ya Mama, kila swali Mama kajibu mwenyewe. Kifaa hakuna. Simu ya tochi ya Mama, basi. Mtandao upo eneo la kaya. Kasoma majibu kwa sauti kabla ya kufunga. Sasa tunasubiri.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Mchungaji kahubiri juu ya ulimi. Nadhani mtu kamwambia. Nusu ya kanisa imenigeukia, nikatabasamu, nikapunga mkono kidogo. Mama kanifinya.

Alhamisi, 20 Machi

Orodha ya rufaa imetoka. Jina la Tabitha lipo. Limehamishwa kutoka kulia, lakini halijafika kushoto. Liko chini, peke yake na mengine matatu: akiba.

Mtendaji katueleza polepole. Rufaa yetu imekubaliwa, tuna sifa zote. Vishikwambi vya kata hii vimeshagawiwa. Vilitolewa kwa waliokuwa kushoto tangu ile Ijumaa. Waliobaki wanasubiri bajeti ijayo, ikipita. Mama kauliza ikipita lini. Mtendaji kasema yeye naye anasubiri barua.

Kwa hiyo ningemjibu vizuri yule dada siku ya kwanza, leo kishikwambi kingekuwa mezani. Hakuna mwingine wa kumlaumu, nimezunguka ofisi nzima kwa macho nikimtafuta.

Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karoti. Natamani mvua izibe njia.

Jumamosi, 22 Machi

Tabitha anakitumia kibanda hivyohivyo. Anasoma madaftari yake. Kasema kuna mwanga kuliko ndani. Sijui kama ananihurumia au ni kweli. Nimeshindwa kuuliza.

Jumatatu, 24 Machi

Mzee Paulo kampigia Mama hodi na Hilda nyuma yake. Nyumba yao iko bondeni karibu na kijito. Siku ya kupimwa kulikuwa na jua, mlangoni kwao ulionekana mstari mmoja, wakapita. Tangu masika yameingia ukungu haunyanyuki kule, na mtandao haupo hata juu ya paa. Hilda kapanda juu ya paa, Mzee Paulo ndiye kamteremsha. Ana kishikwambi, ana bando, halina pa kuingilia. Na kifaa hakiruhusiwi kupelekwa popote bila kibali.

Mwalimu wao wa kompyuta kaandika kibali. Hilda asomee kwenye kibanda chetu, mahali palipopimwa na kupigwa picha. Mzee Paulo kakishika kile kibali kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa.

Mama kakubali. Tabitha kasema hapana.

Kasema hataki kuchungulia kitu cha mtu. Kasema atasubiri cha kwake. Kaingia ndani, kafunga mlango kwa ile kamba. Hilda kabaki uani na mfuko wake, machozi karibu.

Kama ningekuwa na maneno ningeyatumia. Nimekuwa na maneno maisha yangu yote, leo nimepekua, hakuna.

Jumanne, 25 Machi

Hilda kaja mwenyewe baada ya shule. Kakaa kibandani peke yake. Tabitha kabaki jikoni anamenya viazi, anamenya maganda manene kwa hasira, nusu ya kiazi inaenda na ganda.

Nimechukua kisu. Nikasema nitamenya mimi. Nikasema na majani ya ng'ombe nitakata mimi, na kuni, kila siku nikitoka kijitoni. Kasema sitaweza, nitaacha baada ya siku mbili. Nikasema naweza.

Kasema, "Usiahidi. Menya tu."

Nikamenya. Hakutoka. Lakini hakumenya tena.

Alhamisi, 27 Machi

Leo katoka. Si kwa ajili yangu. Hilda alikwama kwenye somo la figo, kamwita kwa sauti toka juu, "Tabi, hii mishipa inaingilia wapi?" Tabitha kajibu toka jikoni. Hilda kasema hajasikia. Kajibu tena. Mara ya tatu kapanda akiwa amekasirika, akamwonyeshe.

Hajashuka mpaka chakula.

Majani ya ng'ombe nimekata. Nimejikata kidole. Kilekile cha nyundo.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya saba ya majani na kuni. Nasinzia nikiwa nimesimama majini, Hamza kanikuta nimeegemea gunia. Kauliza kama nimeoa. Wenzangu wamecheka mpaka karoti zikachukuliwa na maji. Bado mimi ndiye ninayeosha haraka kuliko wote. Leo nilikuwa wa pili.

Jumamosi, 5 Aprili

Ukungu asubuhi, mvua kidogo mchana. Hakuna karoti leo, lori limekwama njia ya Shume.

Mama kapita kata jana. Akiba bado ni akiba. Hakuna barua.

Nimekata majani mapema, nikampa ng'ombe. Nikapanda kuangalia paa, nailoni upande mmoja imelegea. Walikuwa wanne humo ndani, siku hizi wanakuja na wengine wawili wa darasa lao. Wameinamia kishikwambi kimoja juu ya lile banzi, vichwa vimegusana. Tabitha ndiye anayeshika kalamu. Kulikuwa na picha ya moyo inayodunda, na mtu anaeleza kwa Kiingereza, na wao wanakisimamisha, wanabishana, wanakiendesha tena.

Nikasimama mlangoni nikitazama. Sikuelewa sana. Moyo una vyumba vinne, hilo nimelipata.

Tabitha, bila kuinua kichwa, kasema, "Kaka, unatuzibia mwanga."

Nikasogea.